Neno "Boma" katika Kiingereza: Maana, Matumizi na Asili Inayozuliwa

1.0 Utangulizi

Kati ya maneno ya Kiswahili yaliyopokewa na kamusi kubwa za Kiingereza, safari ndilo linalojulikana na kila mtu. Neno boma ni adimu. Mwingereza wa kawaida ambaye hajapata kufika Afrika, wala kusoma vitabu vya wasafiri wa karne ya 19, aghalabu hatalielewa; naye akilikuta katika kamusi ataelezwa kwamba ni neno la Afrika Mashariki na ya Kati, na ataliacha hapo. Wataalamu wa Kiswahili nao hawajalishughulikia sana, labda kwa kudhani kwamba neno likishatoka kwetu na kuingia katika lugha ya watu wengine, habari zake si zetu tena.

Makala haya yanalichunguza boma kama neno la Kiingereza: lina maana gani humo, lilizipataje, na limerudi kwetu na mzigo gani. Uchunguzi huu una sababu ya pekee. Imeenea dhana kwamba boma si neno la Kiswahili hata kidogo, bali ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza kilicholetwa na watawala wa kikoloni. Dhana hiyo husimuliwa kwa watalii, hurudiwa na walimu, nayo haikosi kujipenyeza katika kazi za wanafunzi wetu wa uzamili. Mwanafunzi anayeandika hivyo analikabidhi neno lake mwenyewe kwa Mwingereza, kisha anaandika kwamba aliliazima kutoka kwake.

Mifano yetu ya matumizi ya kila siku tumeiegemeza kwenye mazingira ya Mshangano, kata iliyomo katika Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Mahali hapa panafaa kwa sababu mbili. Kwanza, Songea ni mji uliokulia kando ya boma la Wajerumani. Pili, katika kata kama hii, ambako mji unakutana na mashamba, maana karibu zote za neno boma husikika kwa siku moja.

2.0 Boma katika maandishi ya Kiingereza

Kamusi za Kiingereza hulihusisha neno hili kwanza na maandishi ya Henry Morton Stanley, ambaye kitabu chake Through the Dark Continent kilichapishwa mwaka 1878. Kwa Stanley na wasafiri wa wakati wake, boma lilikuwa uzio wa miiba au wa magogo uliozungushwa kwenye kambi ya msafara au kwenye kijiji. Hawakulibuni. Walilisikia kwa wapagazi na viongozi wa misafara, ambao lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili, nao wakaliandika kama walivyolisikia. Anayetaka kuona neno hili katika Kiswahili cha wakati huohuo na asome tawasifu ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Katika simulizi yake ya biashara na vita vya bara, maboma ni sehemu ya kawaida ya mandhari.

Maana hiyo ya uzio wa miiba ndiyo iliyopata umaarufu miongoni mwa wasomaji wa Ulaya mwaka 1907, J. H. Patterson alipochapisha kisa cha simba waliowala wafanyakazi wa reli huko Tsavo mwaka 1898. Kitabuni mwake boma ni kinga baina ya mtu aliyelala na simba aliye nje. Huenda hii ndiyo sababu msomaji wa Kiingereza, hata leo, akilisikia neno hili huona miiba kabla ya kuona ofisi.

Maana ya pili, ile ya ofisi ya serikali, ilizaliwa na historia ya utawala. Kituo cha kwanza cha mtawala wa kigeni kilikuwa ngome: ukuta, lango, askari, bendera. Wenyeji walipokiona hawakuhitaji neno jipya, kwa kuwa kitu chenye ukuta wa kujilinda kilikuwa na jina lake. Ukuta ulipoanza kupungua umuhimu na karani kuchukua nafasi ya askari, jina lilibaki. Hapa tunapata upanukaji wa maana wa aina iliyozoeleka, ambapo jina la jengo hugeuka kuwa jina la mamlaka iliyomo ndani yake. Katika Chichewa, mabadiliko haya yamefika mwisho wa safari yake: boma ni serikali yenyewe, na makao makuu ya wilaya nchini Malawi bado hutajwa kwa kuongeza neno hilo baada ya jina la mahali, kama vile Dedza Boma au Mzimba Boma. Kiswahili cha Tanzania hakikufika huko, kwa kuwa neno serikali lilikuwa tayari limeshika nafasi hiyo.

Maana nyingine ni changa zaidi na tutazipitia kwa haraka. Katika taaluma ya wanyamapori, hasa kusini mwa Afrika, boma ni zizi la muda la kuwakamatia au kuwahifadhi wanyama wanaohamishwa. Katika hoteli za watalii, boma ni ua wa wazi uliozungushiwa mianzi au matete, ambamo wageni hula chakula cha jioni kando ya moto. Maana hii ya mwisho imevuka bahari: hoteli moja ya Disney huko Florida, Marekani, ina mkahawa unaoitwa Boma. Mtu wa Songea akialikwa kula bomani atashangaa kidogo, maana alizoea kwenda bomani kwa shauri, wala si kwa karamu.

3.0 Maneno ya jirani

Maana ya neno haipimiki bila kutazama maneno yanayogawana nalo uwanja mmoja. Kiingereza, ambacho kina maneno yake ya kale ya kutaja uzio na zizi, kiliazima katika Afrika pekee angalau maneno manne kwa ajili ya kitu kinachokaribiana sana. Kusini kilichukua kraal, ambalo Waholanzi wa Rasi walilitoa katika neno la Kireno curral, ndugu ya corral la Kihispania linalotumika Marekani. Sudani kilichukua zareba kutoka Kiarabu. Kwa Wamaasai kilichukua manyatta. Na katika njia za misafara ya Waswahili kilichukua boma.

Inapendeza kuona jinsi bahati za maneno haya zilivyotofautiana. Kraal lilipotumika kutaja zizi la ng'ombe na kijiji cha Waafrika kwa neno lilelile, lilibeba dharau ambayo haikufutika. Manyatta, ambayo katika Kimaa ni makazi ya morani na ni tofauti na enkang, yaani mji wa familia, ilifanywa na waandishi wa Kiingereza kuwa nyumba yoyote ya Mmaasai. Boma liliepuka dharau ya kraal, na kwa maoni yetu sababu haitokani na heshima ya waandishi kwa Kiswahili. Sababu ni kwamba Mzungu mwenyewe alikuwa anakaa ndani yake. Neno linalotaja ofisi ya mkuu wa wilaya haliwezi kuachwa liwe neno la kudharau.

Tunaongeza jambo moja linalowahusu wenyeji wa Ruvuma. Wangoni walifika huku katika karne ya 19 wakitokea kusini, na lugha yao ya asili, kama Kizulu, ilikuwa na neno isibaya kwa zizi la ng'ombe, ambalo lilikuwa kitovu cha mji. Kwa kuwa Kiingereza cha Tanganyika kilirithi msamiati wake wa utawala kutoka kwa Waswahili na Wajerumani, isibaya haikupata nafasi hata katika wilaya ya Wangoni.

4.0 Madai ya kifupisho

Sasa tuyaendee madai yenyewe. Inasemwa kwamba boma ni herufi za mwanzo za British Overseas Management Administration. Wengine husema British Overseas Military Administration, na wengine British Officers' Mess Area. Tofauti hizi zingetosha kumtia shaka mtafiti mwangalifu. Kifupisho cha kweli kina urefusho mmoja unaopatikana katika nyaraka. Kifupisho cha kuzuliwa huwa na nyingi, kwa kuwa kila msimulizi hujaza herufi kwa namna yake. Isitoshe, Waingereza waliendesha makoloni yao kupitia Wizara ya Makoloni, na maneno management na administration yakiwekwa pamoja ni kurudia jambo moja mara mbili, jambo ambalo mwanzilishi wa ofisi asingelifanya.

Hata hivyo shaka si ushahidi. Ushahidi ni tarehe. Kamusi ya Ludwig Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake, inalo neno boma, na data zake zilikusanywa miongo kadhaa kabla ya hapo katika pwani ya Mombasa. Himaya ya Uingereza katika nchi ya Nyasa ilitangazwa mwaka 1891 na ile ya Afrika Mashariki mwaka 1895. Tanganyika ilitwaliwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nayo ikapewa jina hilo mwaka 1920. Neno haliwezi kuwa kifupisho cha utawala uliokuwa haujazaliwa.

Kwa Songea hoja hii ni nzito zaidi. Kituo cha kijeshi cha hapo kiliwekwa na Wajerumani mwaka 1897, nao walikitawala hadi mwaka 1916. Maandishi ya Kijerumani ya enzi hizo hulitumia neno Boma kama jina la kawaida la kituo chenye ngome, na hata yalilipa jinsia ya kike kwa kufuata irabu yake ya mwisho. Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905, maboma ndiyo yaliyoshambuliwa: la Liwale lilichomwa mwezi Agosti, na la Mahenge lilivamiwa mwishoni mwa mwezi huohuo. Viongozi wa Wangoni walionyongwa Songea mwezi Februari 1906, ambao hukumbukwa mjini hapo kila mwaka tarehe 27 ya mwezi huo, walihukumiwa na boma ambalo halikuwa na Mwingereza hata mmoja. Kabla ya hapo, mwaka 1894, Wajerumani walikuwa wameibomoa ngome ya mawe ya Mkwawa huko Kalenga. Nayo huitwa boma, wala hakuna mkoloni aliyeijenga.

Baadhi ya wenzetu hupenda kuongeza hoja ya ngeli. Husema kwamba boma huunda wingi maboma na kuchukua upatanisho wa LI-YA, kwa hiyo ni neno la asili. Hoja hii hatuiungi mkono. Ngeli ya LI-YA ndiyo iliyopokea maneno ya mkopo kwa wingi, na mabasi, mashati na mablanketi hayakuwa ya Kibantu kwa kupachikwa ma-. Ni afadhali kuiacha hoja dhaifu kuliko kumpa mpinzani mahali pa kushika.

Hoja bora ya kiisimu iko katika namna vifupisho vya Kiingereza vilivyoingia kwa kweli katika Kiswahili wakati wa ukoloni. Tunavyo vya kutosha. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, kiliandikwa K.A.R., na kutokana na majina ya herufi hizo Kiswahili kilipata neno keya, askari wake wakawa askari wa keya. Mkuu wa wilaya, D.C., akawa disii. Katika mifano hiyo, kilichokopwa ni sauti za herufi zikitajwa mojamoja. Mtindo wa kusoma herufi za mwanzo kana kwamba ni neno zima ulienea katika Kiingereza hasa kupitia vita viwili vikuu vya karne ya 20, na istilahi yenyewe ya Kiingereza ya vifupisho vya aina hiyo ni ya miaka ya 1940. Huku kwetu ulikuja kuzoeleka na vyama kama TANU, iliyoasisiwa mwaka 1954. Kama boma lingekuwa kifupisho cha mwishoni mwa karne ya 19, tungetazamia kusikia kitu kinachofanana na "bi-o-em-ei", wala si boma.

Na pale ambapo Kiingereza kilitoa neno kamili, alama zake zinaonekana. Kariakoo ya Dar es Salaam ilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza: konsonanti ya mwisho imedondoshwa, irabu zimepangwa upya, na asili inathibitishwa na mahali penyewe. Boma halina kovu la aina hiyo. Songea yenyewe ina kata iitwayo Seedfarm, na hakuna anayehitaji mwanaisimu amweleze jina hilo lilitoka wapi.

5.0 Asili yenyewe

Kukanusha asili ya uongo si sawa na kuonyesha asili ya kweli. Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alilihusisha boma na Kiajemi. Pendekezo hilo lilifuata mazoea ya wakati wake, ambapo neno lolote la ujenzi au utawala lilitafutiwa chanzo ng'ambo ya bahari kwanza. Neno la Kiajemi linalokaribia, bum, lina maana ya ardhi au nchi. Kutoka hapo hadi kwenye uzio wa miiba kuna mwendo mrefu, na irabu ya mwisho bado inadai maelezo.

Sisi tunapendelea kutazama karibu zaidi. Kiswahili kina kitenzi -bomoa, na pamoja nacho -bomoka. Umbo lake ni la utenguzi, kama inavyoonekana katika jozi zifuatazo:

(1) -funga / -fungua
(2) -kunja / -kunjua
(3) -tega / -tegua
(4) -choma / -chomoa

Kiambishi tengushi huwa -u-, lakini baada ya shina lenye irabu o huwa -o-, kama katika mfano wa (4). Kwa kufuata kanuni hii, -bomoa ingekuwa tenguzi ya kitenzi *-boma, ambacho hakitumiki tena peke yake, na maana yake ingekuwa kurundika, kuzungusha au kusimamisha kizuizi. Nomino boma ingekuwa tokeo la tendo hilo, na kubomoa kungekuwa kuliondoa boma. Maana zinaoana, na sauti zinaoana.

Tunalitoa pendekezo hili kwa tahadhari. Kiswahili kinavyo vitenzi kama -toboa na -ondoa vyenye sura ya utenguzi lakini visivyo na shina tendaji linalojulikana, kwa hiyo umbo peke yake halithibitishi kwamba *-boma kilikuwapo. Kinachohitajika ni ulinganishi wa lugha za pwani na za bara, zikiwamo za kundi la N katika uainishaji wa Guthrie, ambamo Kingoni cha Songea kimepewa namba N.12 na Kimatengo N.13. Hii ni kazi inayomfaa mwanafunzi wa uzamili aliye tayari kutembea. Anapoifanya, asivutwe na kila mfanano. Bombambili, kata nyingine ya Songea, haihusiani na boma bali na bomba. Na mji wa Boma kwenye mdomo wa mto Kongo una historia yake yenyewe, iliyo mbali na misafara ya Waswahili.

6.0 Neno lililorudi

Maneno yaliyokopeshwa hurudi, na aghalabu hurudi yakiwa yamevaa nguo za ugenini. Mwaka 1971 serikali ya Kenya ilianzisha kituo cha utamaduni kilichoitwa Bomas of Kenya, ambamo zilijengwa nyumba za jadi za jamii mbalimbali. Wingi humo ni wa Kiingereza, kwa kiambishi s. Mkutano wa katiba ulipofanyika hapo mwaka 2003 na 2004, matunda yake yaliitwa Rasimu ya Bomas. Na tangu uchaguzi wa mwaka 2013 jina hilo limekuwa likitajwa na Wakenya kila wanaposubiri matokeo ya kura za urais. Katika Kiswahili cha Kenya, Bomas sasa ni jina la pekee linalosimama mbali na maboma. Msemaji anaweza kuyatumia yote mawili katika sentensi moja bila kuhisi kwamba ni neno moja.

Kwa upande wa Tanzania, jambo zito ni tafsiri. Fikiria sentensi hizi, ambazo zote ni za kawaida Mshangano:

(5) Ameitwa bomani kesho asubuhi.
(6) Ng'ombe wamevunja boma usiku.
(7) Wananchi wamemaliza boma la zahanati, limebaki paa.

Maana ya (7), yaani kuta za jengo ambalo halijaezekwa, imeshamiri sana katika lugha ya maendeleo. Vijijini na katika kata, wananchi huchanga nguvu na fedha kuinua maboma ya madarasa na zahanati, kisha hungoja serikali ikamilishe. Hotuba za bajeti na taarifa za halmashauri zimejaa maboma ya aina hii. Lakini hii ndiyo maana ambayo Kiingereza hakikuichukua. Mtafsiri anayeliacha neno lilivyo katika taarifa ya Kiingereza, akidhani kwamba limeshakuwa neno la Kiingereza, atamfanya mfadhili asome kwamba kata imejenga mazizi kumi, ilhali imejenga kuta za madarasa kumi.

Hatari iko pia upande wa pili. Taarifa za Kiingereza kuhusu wafugaji hutumia boma kwa mji mzima wa familia, wenye nyumba kadhaa, wake, watoto na mifugo. Taarifa hiyo ikirudishwa katika Kiswahili kwa neno lilelile, msomaji wa Kiswahili ataona uzio wa ng'ombe. Katika orodha ya mali zinazopaswa kulipwa fidia watu wanapohamishwa, tofauti baina ya uzio na makazi ya kaya nne ni tofauti ya fedha na ya haki. Mtafsiri hapaswi kuliamini neno kwa sababu tu linaandikwa kwa herufi zilezile katika lugha zote mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kamusi za Kiingereza–Kiswahili zilipe boma kidahizo chake upande wa Kiingereza, jambo ambalo watunzi huona halina haja kwa kuwa "ni neno letu". Kidahizo hicho kitenganishe uzio, mji wa wafugaji, ofisi ya utawala na zizi la wanyamapori, kila kimoja na kisawe chake: ua au uzio, mji au kaya, boma, na zizi la muda. Upande wa Kiswahili–Kiingereza, maana ya mfano wa (7) ipewe fasili inayotaja wazi kwamba jengo lina kuta na halina paa. Katika taarifa ya halmashauri, mtafsiri ataandika unroofed walls au unfinished building, na ataliacha neno boma kwa ajili ya mfano wa (5).